Karantini ya mifugo inapoangukia msimu wa kulima

Swali: Mimi ni katibu wa kikundi cha wafugaji katika Wilaya ya Misungwi. Mvua za kwanza zilipoanza, ng'ombe wa kijiji chetu waliugua ugonjwa wa miguu na midomo. Bwana mifugo alitoa taarifa, kijiji kikawekwa karantini na mnada ukafungwa. Ng'ombe wengi walipona baada ya wiki chache, lakini karantini iliendelea. Sasa wanakikundi wanasema waziwazi kwamba safari nyingine hakuna atakayetoa taarifa, kwa kuwa amri imetuumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Je, wana haki ya kusema hivyo? Kikundi kifanye nini ili tusifike hapo tena? Pia akina mama wanauliza kama maziwa ya ng'ombe waliougua yalikuwa salama kwa watoto.

Jibu:

Ndugu Katibu, wanakikundi wako wana haki ya kulalamika, lakini uamuzi wa kutotoa taarifa utawadhuru wao wenyewe kabla haujamdhuru mtu mwingine yeyote. Nitayaeleza yote mawili kwa kirefu, kwa sababu umegusa jambo ambalo sisi madaktari wa mifugo tumezoea kulipita haraka. Tunahesabu ng'ombe waliougua, waliokufa na waliochanjwa, kisha tunafunga daftari, ilhali hasara nyingi za kaya hazina safu yake katika fomu zetu.

Kwanza tutenganishe hasara mbili ambazo kijijini huhesabiwa kuwa moja. Ugonjwa wa miguu na midomo huua ng'ombe wakubwa wachache sana, na ndiyo maana watu huuona mwepesi wakiulinganisha na kimeta au na ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe. Hata hivyo malengelenge yanayotokea kwenye ulimi, kwenye fizi na katikati ya kwato yakishapasuka huacha vidonda vibichi, na ng'ombe hudondosha udenda, huacha kula na husimama akibadilisha mguu mmoja baada ya mwingine kwa maumivu. Maksai wa namna hiyo hafungwi nira. Katika Misungwi, Kwimba na Magu, ambako sehemu kubwa ya mashamba ya mahindi, mpunga na pamba hulimwa kwa plau la kukokotwa na ng'ombe, majuma ya mwanzo wa mvua ndiyo yanayoamua mavuno yatakuwaje. Mwenye jozi moja ya maksai husimamisha shamba lake, na yule ambaye hulima kwa kukodi huambiwa asubiri mpaka mwenye ng'ombe amalize lake kwanza, maana yake asubiri mpaka mvua nzuri ipite. Mjane asiye na hata ndama mmoja anaweza kupoteza msimu kwa ugonjwa wa ng'ombe wa jirani, na hakuna orodha yoyote ya walioathirika itakayomtaja.

Tuongeze ndama, ambao kirusi hushambulia moyo wao, wakaanguka ghafla hata kabla ya malengelenge kuonekana. Tuongeze chuchu zenye vidonda, ambazo ng'ombe hakubali ziguswe, na maziwa ambayo hupungua kwa muda mrefu kuliko vidonda vyenyewe. Wapo pia ng'ombe ambao hupona kwa macho tu: manyoya yao hubaki marefu, huhema sana juani, na hawarudii nguvu zao za awali. Yote haya yangetokea hata kama hakuna ofisa yeyote aliyeandika neno karantini. Kijiji chenu kimeyabebesha amri kwa sababu yalikuja mwezi mmoja na amri.

Baada ya kusema hayo, sasa niyachukue malalamiko yenyewe, kwa kuwa hasara ya pili ni ya kweli na imegawanywa kwa namna isiyo ya haki.

Karantini ina msingi wake. Kirusi husafiri kwa mate, kwa maziwa, kwa magurudumu ya lori, kwa viatu vya mchungaji na kwa kamba ya kufungia ng'ombe. Dalili huweza kuchelewa hadi siku 14 tangu mnyama aambukizwe, na mnyama huweza kuanza kuwaambukiza wenzake kabla mwenyewe hajaonyesha dalili yoyote. Mnadani ng'ombe kutoka vijiji vingi hunusana kwa saa kadhaa, halafu hutawanyika. Wapo wafugaji wanaoamini kwamba nyati na nyumbu ndio wanaotuletea ugonjwa huu kila mwaka, lakini uchunguzi uliofanywa katika maeneo yanayozunguka Serengeti umeonyesha kwamba milipuko kwa ng'ombe wa kienyeji hutokana zaidi na ng'ombe kuambukizana wao kwa wao. Kwa hiyo Sheria ya Magonjwa ya Mifugo Na. 17 ya mwaka 2003, inayomtaka mfugaji atoe taarifa na kuipa mamlaka nguvu ya kuzuia mifugo isitoke, haikutungwa kwa ukatili.

Tatizo ni kwamba mnada una maisha mengine ndani yake. Siku ya mnada anauza mama lishe mwenye sufuria tatu za wali, anauza mchoma nyama, anapata riziki dalali, kijana wa kupakia ng'ombe kwenye lori, mwuza kamba na mwuza mitumba, na halmashauri hukusanya ushuru wake. Kwa mfugaji mdogo mnada ndiyo sehemu ya kupata fedha taslimu siku mtoto analazwa, siku sare za shule zinatakiwa, siku ya msiba. Mwenye ng'ombe 200 atavumilia mnada ufungwe miezi miwili, maana ana mbuzi, ana akiba, ana jamaa wa kumkopesha; bei ikirudi atauza. Mwenye ng'ombe watatu hawezi kungoja. Yeye ndiye anayefuatwa usiku na mlanguzi anayejua njia za vichakani, ambaye humlipa bei anayoitaka kwa kuwa anajua hana pa kwenda. Karantini ya aina hiyo huhamishia fedha za maskini mfukoni mwa mlanguzi, na kirusi nacho huondoka usiku uleule na ng'ombe aliyeuzwa. Kwa maoni yangu, amri inayofunga mnada bila kufungua njia nyingine halali ya kuuza imeshindwa kazi yake ya kitabibu pia, si ya kijamii tu.

Kosa la pili ni muda. Amri nyingi hutangazwa kwa sauti kubwa na kuondolewa kimya kimya, na katikati hapo mfugaji hajui ni dalili gani inayosubiriwa kutoweka, ni nani atakayekuja kukagua wala atakuja lini. Katika hali hiyo mtu aliyetoa taarifa huonekana ndiye aliyewafungia wenzake. Nimeona wafugaji wakinyoosheana vidole kwa jambo hili, na mtoa taarifa akiishi kama msaliti katika kijiji alichokiokoa.

Wataalamu wengi wakiona upinzani wa namna hii husema wafugaji wanahitaji elimu. Mimi nasema wana kumbukumbu. Katika miaka ya 1890 sotoka ya ng'ombe ilipita Afrika Mashariki na kuangamiza sehemu kubwa ya mifugo. Malisho yaliyoachwa yakageuka vichaka, na vichaka vikamkaribisha mbung'o. Upande wa pili wa ziwa letu la Victoria, mwanzoni mwa karne ya 20, malale, yaani ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o, yaliua watu zaidi ya laki mbili, na serikali ya kikoloni ya Uganda chini ya Gavana Hesketh Bell ikawahamisha wakazi wa mwambao na wa visiwa vya Ssese, ili kumtenga binadamu na mbung'o. Walionusurika na ugonjwa wakapoteza mashamba, migomba na maeneo yao ya uvuvi. Shinyanga, katika miaka ya 1920, wakati Charles Swynnerton akiongoza vita dhidi ya mbung'o, wananchi walikusanywa kwa maelfu kufyeka vichaka. Mbung'o alirudi nyuma kweli na ng'ombe wakaongezeka, ila ardhi ilibaki wazi kiasi kwamba mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ambao mafanikio yake makubwa yalitokana na kurudisha ngitili, yaani desturi ya Wasukuma wenyewe ya kutenga na kutunza malisho ya kiangazi. Kisha, baada ya Vita Kuu ya Pili, zikaja amri za kupunguza mifugo Usukuma, pamoja na kodi ya ng'ombe na kanuni nyingi za kilimo, na malalamiko hayo yakaipatia TANU wafuasi wengi katika kanda hii. Babu aliyekwisha kuhesabiwa ng'ombe wake kwa nguvu hawezi kufurahi anapomwona ofisa mwingine na daftari.

Mfano ninaoukumbuka zaidi ninapojadili mambo haya unatoka Zimbabwe. Kabla ya uhuru, uogeshaji wa ng'ombe huko ulikuwa wa lazima na wananchi waliulipia, na josho likawa moja ya alama za serikali ya walowezi. Vita vya ukombozi vilipopamba moto katika miaka ya 1970, majosho yaliharibiwa au kutelekezwa, na inakadiriwa kwamba ng'ombe milioni moja hivi walikufa, wengi wao kwa magonjwa yanayoenezwa na kupe. Walikufa kwa wingi namna hiyo kwa sababu uogeshaji mkali wa miaka mingi ulikuwa umewazuia ndama wasikutane na kupe mapema na kujenga kinga, hivyo kinga ya bandia ilipoondoka ghafla hawakuwa na nyingine. Hatua ambayo kitaalamu ilikuwa sahihi iliwekwa mikononi mwa watu wasioaminiwa, na siku imani ilipokwisha kabisa, ng'ombe ndio waliolipa.

Hapa kwetu majosho yalikufa kwa njia ya polepole zaidi. Serikali iliyajenga na kugharamia dawa kwa miaka mingi, ruzuku ikapunguzwa katika mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990, na vijiji vikaachiwa majosho bila fedha, bila maji na mara nyingine bila hesabu zinazoeleweka. Kampeni ya kitaifa ya uogeshaji iliyozinduliwa mwaka 2018 ilifufua mengi kati yake. Josho linafundisha jambo ambalo karantini haifundishi: ni udhibiti wa ugonjwa ambao watu huuona kwa macho kila wiki, ng'ombe akiruka majini na kutoka upande wa pili akichuruzika dawa, na kila mmoja anajua amechangia kiasi gani. Siku kamati inapoongeza maji bila kuongeza dawa ili fedha ibaki, kupe hawafi, na wafugaji hugundua ndani ya wiki mbili kwamba dawa imechakachuliwa. Kuanzia hapo mwenye uwezo hununua bomba lake la mgongoni na kunyunyizia ng'ombe nyumbani, asiye na uwezo huacha kabisa, na kupe wa huyu wa pili humfuata yule wa kwanza malishoni. Katika vijiji vya mwambao kuna hatari nyingine, kwa kuwa mabomba hayo huoshwa ziwani, mahali palepale wanapoteka maji na kuanika dagaa, na wanaonyunyizia mara nyingi ni vijana wasio na glavu wala kinga ya uso. Dawa inayoua kupe huua samaki kwa urahisi sana. Nakusihi hili mlisimamie hata kama hamtasimamia mengine.

Kuhusu chanjo, ugumu wake wa kijamii hutofautiana na ule wa karantini. Chanjo ya ndigana kali, kwa mfano, hutunzwa katika mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, na mrija mmoja una dozi za kutosha ng'ombe wengi. Ukishayeyushwa lazima utumike ndani ya saa chache, na kila mnyama achomwe pamoja na dawa ya oksitetrasiklini ya muda mrefu. Kwa hiyo mchanjaji haji kwa ajili ya ndama wako wawili. Anataka majirani wakubaliane siku moja, walete ndama wao mahali pamoja, na kila mmoja awe na fedha mkononi asubuhi hiyo. Kijiji chenye ugomvi wa mipaka au wa kisima hushindwa kuchanja ingawa fedha ipo. Nyinyi mna kikundi, na hiyo ni nusu ya kazi.

Chanjo ya mdondo ya kuku imefuata njia nyingine kabisa, na ninaitaja kwa sababu ni miongoni mwa udhibiti wa magonjwa ambao umeinua watu bila kumwumiza mtu. Aina iitwayo I-2 huvumilia joto kuliko chanjo za kawaida, huwekwa tone moja katika jicho la kuku, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Mama aliyefundishwa kwa siku chache huweza kuchanja kuku wa kitongoji kizima na kupokea ujira mdogo kwa kila kuku. Kuku ni mali ambayo mwanamke huiuza bila kuomba ruhusa, na kuku wasipokufa kwa mdondo, yeye hupata sauti nyumbani. Hata hivyo mikutano ya kupanga udhibiti wa magonjwa ya ng'ombe bado huitwa kwa wenye ng'ombe, yaani wanaume wenye umri, ilhali anayeona ng'ombe amekataa kukamuliwa au ameacha kula ni yule aliye zizini alfajiri, naye mara nyingi ni mwanamke au kijana wa kuchunga. Kikundi kinachotaka taarifa za mapema kimsikilize huyo kwanza.

Juni 2025 ilizinduliwa mkoani Simiyu, katika mji wa Bariadi, kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, ambamo serikali hutoa ruzuku ya chanjo na mifugo huvishwa hereni. Utambuzi una msingi wake katika Sheria Na. 12 ya mwaka 2010 na faida zake ni nyingi, lakini Usukumani unagusa desturi ya kuwaweka ng'ombe kwa ndugu au rafiki wa kijiji kingine, desturi ambayo ni kinga ya kale dhidi ya ukame, wizi na maradhi. Hereni iandikwe jina la nani, mwenye mali au anayetunza? Karantini ikimkuta anayetunza, nani abebe hasara? Ushauri wangu ni kwamba majina yote mawili yaandikwe katika daftari la kijiji, na makubaliano yenu ya mdomo yapate mashahidi wawili, kwa sababu nimeona urafiki wa miaka mingi ukivunjika kwa ng'ombe mmoja aliyekufa wakati wa zuio.

Wapo watakaokuambia kwamba dawa ya malalamiko yote haya ni fidia. Fidia ni muhimu, hasa pale mnyama anapouawa kwa amri, na wafugaji wa nguruwe wa mwambao wanalijua hili kuliko wengine, maana homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, na mfugaji anayetarajia kuambulia patupu huwahi kumchinja na kumwuza nguruwe mgonjwa kabla hajakamatwa. Lakini fedha peke yake haitoshi. Uingereza, mwaka 2001, ilipambana na ugonjwa huuhuu wa miguu na midomo kwa kuua mifugo zaidi ya milioni sita, mingi ikiwa haijaugua bali ilikuwa jirani na iliyougua. Wafugaji walilipwa. Hata hivyo waliochunguza maisha ya watu wa eneo la Cumbria baada ya hapo walikuta huzuni, kukosa usingizi na kutoiamini serikali, si kwa wafugaji tu bali hata kwa madereva na wafanyakazi waliobeba mizoga. Sisi hatuui ng'ombe kwa ugonjwa huu, na naona tuko sahihi.

Sasa nije kwenye kile ambacho kikundi kinaweza kufanya. Sababu kubwa ya kutoa taarifa mapema, ambayo nadhani haikuelezwa vizuri kijijini kwenu, ni sampuli. Kirusi hiki kina aina kadhaa, na hapa Tanzania zinazojulikana ni O, A, SAT 1 na SAT 2. Ng'ombe aliyepona aina moja anaweza kuugua nyingine, na chanjo hukinga dhidi ya aina zilizomo ndani yake tu, tena kwa takriban miezi sita. Sampuli bora ni kipande cha ngozi ya lengelenge ambalo ndiyo kwanza limepasuka, na kipande hicho hupatikana katika siku chache za mwanzo tu. Mkificha wiki mbili, vidonda vitakuwa vimeanza kufunga, na maabara ya veterinari haitapata cha kupima vizuri. Msimu ujao mtaletewa chanjo kwa kubahatisha. Aidha, kijiji kinachozoea kuficha miguu na midomo kitaficha na kimeta, na nyama ya kibudu cha kimeta huua watu.

Kwa hiyo kubalianeni mapema, wakati wa kiangazi ambapo hakuna aliye na hasira. Ombeni chanjo kupitia kwa afisa mifugo wa kata ili dozi ya kwanza na ya marudio, zinazotofautiana kwa wiki tatu au nne, ziwe zimekamilika kabla ya Oktoba, ili maksai wawe na kinga wakati wa plau. Anayejua atahitaji fedha mwezi Novemba auze Agosti. Kama mna VICOBA, ongezeni mchango mdogo katika mfuko wa jamii kwa ajili ya kipindi cha zuio, na mkopo wake utolewe kwanza kwa wenye ng'ombe wachache na kwa kaya zinazolima kwa kukodi, ili waweze kulipia trekta au vibarua wa jembe la mkono. Msiazime maksai wazima kutoka kijiji jirani kwa huruma, maana huko ndiko ugonjwa hupata miguu.

Karantini ikitangazwa, mwenyekiti na mtendaji waombe amri kwa maandishi, ikionyesha mipaka ya eneo, aina ya wanyama wanaohusika, dalili zinazosubiriwa kwisha na siku ya kukagua upya. Ombeni pia kibali cha kuchinja ndani ya eneo la zuio, chini ya mkaguzi wa nyama, ili mwenye shida auze nyama kihalali badala ya kuuza ng'ombe usiku. Halmashauri haina haja ya kukataa ombi la namna hiyo, kwa sababu linapunguza wanyama wanaotoroshwa. Tengeni saa za kunywesha: mazizi yenye wagonjwa yawe ya mwisho lamboni. Na taarifa itolewe kwa jina la kikundi, iandikwe na katibu, yaani wewe, ili asiwepo mtu mmoja wa kunyooshewa kidole. Naona hilo la mwisho lingewasaidia kuliko mengine yote niliyoyataja, nalo halina gharama.

Swali la akina mama nalijibu kwa ufupi. Ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe hauhesabiwi kuwa tishio kwa binadamu, na watoto waliokunywa maziwa yaliyochemshwa hawakudhurika nao. Kuchemsha ni lazima wakati wote, kwa sababu maziwa mabichi hubeba pia vimelea vya ugonjwa wa kutupa mimba na vya kifua kikuu, na kugandisha maziwa bila kuyachemsha hakuviui kwa uhakika. Maziwa yenye damu, mabonge au usaha kutoka kwenye kiwele kilichovimba yamwagwe shimoni. Maziwa ya ng'ombe wagonjwa yasipelekwe kijiji kingine na wasipewe ndama wala nguruwe yakiwa mabichi, kwa kuwa kirusi husafiri nayo. Na kama ng'ombe alichomwa ile dawa inayoitwa OTC madukani, ambayo haiui kirusi bali huzuia vidonda visioze, msikamue kwa ajili ya kunywa mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye chupa. Kama maandishi yamefutika, mwulizeni bwana mifugo kabla ya kumpa mtoto kikombe.